Maneno Yaliyomchekesha Mama Dukani

Kijiweni nje ya duka la kinyozi pana benchi moja tu, na kahawa ambayo hajatokea mtu wa kuisifia. Asubuhi hiyo Msumari, fundi seremala, aliinywa bila raha hata chembe. Alikuwa ametoka ng'ambo na mama yake kumtembelea kaka yake mkubwa, mwalimu wa Kiingereza chuo kikuu, na wenzake walikuwa wamemkaba awape vituko vya maandishi ya bidhaa madukani. Mama alishavitangaza mtaa mzima.

– Toa basi, alisema Spika, ambaye mdomo wake haujui likizo.

– Blanketi la mtoto. Kiingereza chake ukikigeuza kinasema: osha pamoja na mtoto, maji ya moto.

Kinyozi alipaliwa na kahawa.

– Na mwavuli?

– Usifunguliwe penye mvua.

– Na ule mto wa kulalia?

Hapo Msumari alikohoa kwanza.

– Kichwa kikiharibika, kirudishwe dukani.

Benchi zima lilitikisika kwa kicheko.

– Hiyo kaandika mashine, alisema Kinyozi. Mashine inaandika tu, haina aibu.

– Mashine wapi, alidakia Spika. Wafungwa hao. Wanaonyeshwa picha, wanaambiwa andika au hulali.

– Basi ni mlevi mmoja, alisema Kinyozi, kafungiwa chumbani, anaiandikia dunia nzima. Mjinga wa kutupwa. Mimi hata ufagio wa nywele simpi.

Msumari alitamani kumkunja Kinyozi shati. Siku ile dukani mama alicheka mpaka akashikilia rafu, na yeye Msumari akacheka kumshinda. Kaka alibeba mifuko kimya. Walipokuwa wakipanda ngazi kwenda kwenye chumba chake cha kitanda kimoja, ambacho mama aliambiwa ni cha chuo, kaka alisubiri mama abaki nyuma akihema, akamnong'oneza mdogo wake: "Ya mto niliandika mimi, ndiyo kazi yangu sasa. Chuoni waliniachisha kazi zamani. Lugha ya huku siijui vizuri, natafsiri kwa kukisia picha. Usimwambie mama." Tangu hapo Msumari ana uchungu usioshuka kwa kahawa wala kwa usingizi.

– Mbona umenuna? Spika alimchokoza.

– Kiatu kinanibana.

Mama yake akatokea, kapu mkononi. Wote wakasogea kumpisha.

– Shikamoo mama.

– Marahaba wanangu. Kawasimulia ya mto?

– Katuvunja mbavu, mama.

Mama akacheka nao, kisha akamgeukia mwanawe.

– Hivi kaka yako mbona hakucheka siku ile? Na Kiingereza ndiyo kazi yake.

Spika akamgeukia Msumari na uso wake ulionuna. Kinyozi akatazama viatu vyake. Msumari alikiinua kikombe kilichokwisha kahawa, akajifanya anakunywa.

– Atakuwa alichoka na ile mizigo, mama alijijibu mwenyewe. Jioni nitampigia nimkumbushe ya mto. Nataka nimsikie akicheka.