Mzee Stamatis na Oili ya Malori

Ijumaa tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, Mzee Stamatis Gogos anatuachia karakana ya Ushirika wa Dawa wa Vrysi. Alianza kama mfagiaji wa stoo, akajifunza ufundi kwa kuchungulia. Amekosea sana mara moja tu, na kosa hilo ndilo ninalotaka kulisimulia, maana yeye mwenyewe halifichi.

Barabara ya Ano Kerasia mnaijua: kona kumi na saba, na juu kabisa wazee arobaini wanaongoja dawa za presha na sukari. Julai ya mwaka juzi afisi kuu ya Ioannina ilituletea oili ya magari madogo, ya hali ya juu, eti injini zitakuwa nyepesi. Mzee Stamatis akaimimina kwenye pikipiki zetu zote sita za kupelekea dawa.

Haikupita wiki zikaanza kuugua. Unatia gesi, injini inapiga kelele, pikipiki inajikokota. Klachi zilikuwa zinateleza. Zisis, mwendeshaji wetu wa milimani, alisukuma ya kwake kona tano za mwisho juani, insulini mgongoni. Meneja, Bwana Karvelis, akapiga simu akisema pikipiki zimezeeka. Angekuja kuchukua funguo, na njia ya Ano Kerasia ingefungwa. Wazee washuke wenyewe na basi la Jumanne.

Mzee alibadilisha pleti za klachi kwenye pikipiki mbili. Zikateleza tena. Ndipo akaketi na dumu la oili mapajani, akasoma maandishi madogo ya nyuma, kisha akaja kwenye dirisha langu la vifurushi.

"Despina mwanangu, nimeziharibu mimi kwa mkono wangu."

Kwenye gari klachi iko nje, kavu, kwa hiyo oili iwe laini itakavyo. Kwenye pikipiki zetu klachi inaoga oili ileile ya injini, na ulainishaji wa ziada unaiponza. Mzee akampigia meneja, akakiri kosa, akaomba siku tatu.

Aliziosha pleti zote, akaenda kwenye stoo ya malori na kurudi na oili ya injini za dizeli.

"Mzee, sasa nipakie na saruji?" Zisis akamchokoza.

"Pakia ulimi wako kwanza, ndio mzito."

Wala hakuchukua dumu lolote tu. Alitafuta lenye alama inayosema linafaa klachi ya pikipiki, na uzito wa oili uleule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Lisilo na alama alilirudisha kwa malori yake.

Siku ya nne Bwana Karvelis akafika.

"Bwana Meneja, funguo hizi hapa. Lakini kwanza panda nyuma ya Zisis."

"Stamatis, mimi nina kilo mia na kumi."

"Ndiyo maana."

Tulitoka wote uani tukasikiliza. Kona ya kwanza, ya tano, ya kumi, mlio uleule, pikipiki haitelezi wala hailii. Mimi nilikuwa nimembeba mwanangu, nikihesabu kona. Walirudi baada ya saa nzima, meneja ameshika sahani ya pai ya jibini aliyopewa na bibi mmoja kule juu. Akatukatia vipande, akamrudishia Mzee funguo zote sita.

Pikipiki hizo zinapanda mpaka leo. Na fundi huyohuyo ndiye aliyepaka grisi magurudumu ya kigari cha mwanangu bila kuombwa, siku niliyochelewa kazini kwa sababu ya kigari hicho.

Mzee Stamatis, asante. Sasa unahamia Ano Kerasia, kwenye nyumba ya mama yako, na kuanzia Julai jina lako limo kwenye orodha ya Zisis: vidonge vya presha, kila Alhamisi. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na bustani ya nyanya. Alhamisi ukisikia pikipiki inapanda kona ya kumi na saba bila kulia, ujue tumesoma nyuma ya dumu.

Despina, dirisha la vifurushi