Yatafika, Yamefika

DADA: Haloo? Haloo! Ni nani? Namba hii siijui.

BRASHI: Dada, ni mimi.

DADA: Mimi nani? Akina mimi wako wengi.

BRASHI: Brashi! Mdogo wako wa tumbo moja! Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mbona sauti yako kama uko ndani ya debe?

BRASHI: Simu ya kinyozi hii, jirani yangu wa kibanda cha pili. Yangu haina salio hata la kupiga chafya. Ameniambia niwe mfupi.

DADA: Basi kuwa mfupi. Mimi niko hapa kwenye bomba, napanga viti. Mheshimiwa anakuja kuzindua kibao.

BRASHI: Hicho hicho kibao. Katibu wake amenipigia sasa hivi, anafoka mpaka nikaiweka simu mezani nikamsikilizia kwa mbali. Eti nimekosea maandishi.

DADA: Umekosea wapi?

BRASHI: Dada. Juzi uliponisomea yale maneno kwenye simu, ulisemaje?

DADA: Nilisoma kama Katibu alivyonipa.

BRASHI: Hebu yaseme tena.

DADA: "Maji ya... (mtandao unakwaruza) ...fika mtaa huu. Ahsante Mheshimiwa."

BRASHI: Hapo! Hapo hapo katikati! Ya-nini?

DADA: Si nimekwambia? Ya... (mtandao unakwaruza) ...fika.

BRASHI: Toba! Dada, Katibu anasema aliandika YATAFIKA. Maji yatafika mtaa huu. Na mimi nimechora YAMEFIKA. Herufi kubwa, bluu, na kivuli chekundu nimezitia!

DADA: Kivuli kimependeza, lakini.

BRASHI: Usinichekeshe! Nilikuuliza mara mbili siku ile. Nikasema, dada, una hakika?

DADA: Mtandao, Brashi.

BRASHI: Mara mbili?

DADA: Mtandao mara mbili.

BRASHI: ...Dada, wewe.

DADA: Mimi nini? Hebu subiri... Jamani, viti vya mbele ni vya wageni! Ndoo wekeni kule! ...Haya, sema.

BRASHI: Ndoo gani?

DADA: Kwani Katibu hajakwambia? Mtaa mzima uko hapa. Ndoo, madumu, masufuria, kuna mwingine kaja na beseni la kuogeshea mtoto. Foleni imepita duka la vifaa, imekata kona, mwisho wake siuoni.

BRASHI: Wamekuja kufanya nini?

DADA: Kuteka maji. Si yamefika?

BRASHI: Yesu na Maria! Bomba lenyewe linatoa?

DADA: Linatoa hewa. Ila watu wamesoma kibao.

BRASHI: Sasa nisikilize. Katibu amenipa amri nije na brashi kabla Mheshimiwa hajafika, nifute ME niweke TA. La sivyo kazi zote za kata nizisahau. Kibao cha shule, cha soko, cha zahanati, vyote anampa yule kijana wa kompyuta anayechapa mabango ya plastiki. Dada, nitakula nini? Nitachora milango ya vyoo?

DADA: Njoo basi.

BRASHI: Nakuja. Rangi nimeshakoroga. Ni kazi ndogo tu, TA yangu ninayo tayari.

DADA: Unayo vipi?

BRASHI: Kiolezo. TA nimeikata moja kwa moja kwenye bati, T na A pamoja, naweka, napaka, naondoka. Zamani nilikuwa naikata kwenye boksi, ikawa inachanika kila ukikaribia uchaguzi. BARABARA ITAJENGWA. UMEME UTAWAKA. SHULE ITAEZEKWA. Nikaona nitakufa maskini kwa kununua maboksi.

DADA: Na ME uliitoa wapi?

BRASHI: ME sikuwa nayo, nani aliwahi kuihitaji? Ilibidi nikate mpya. Na M ni pana, dada, nafasi ilikuwa ya TA, nikaibana weee mpaka—

DADA: Subiri. Ulikaa kitako?

BRASHI: Ndiyo.

DADA: Ukachukua wembe?

BRASHI: Ndiyo.

DADA: Ukakata M. Ukakata E. Ukaibana. Ukatia kivuli chekundu. Na muda wote huo hukushtuka kwamba bomba lile ni kavu tangu lisimikwe?

BRASHI: (kimya)

DADA: Haloo?

BRASHI: Mtandao, dada.

DADA: (anacheka) Haya, sote wawili mtandao! ...Lakini njoo na hiyo rangi yako, njoo. Ila nikwambie nani yuko mbele kabisa ya foleni.

BRASHI: Usiniambie.

DADA: Mama.

BRASHI: Nimesema usiniambie!

DADA: Alfajiri alikuwa anashuka zake bondeni na ndoo, kama siku zote. Akakuta kibao kimesimama. Akakisoma, Brashi. Mama yetu, ambaye juzi juzi tu ndiyo amemaliza darasa la watu wazima, kasimama mbele ya kibao anaunganisha kwa kidole: ya, me, fi, ka. Kwa sauti! Watu wakatoka majumbani kumsikiliza. Alipomaliza akatua ndoo chini, akasema yeye bondeni hashuki tena.

BRASHI: Na magoti yake yale.

DADA: Na magoti yake yale. Ameketi juu ya ndoo. Alirudi nyumbani mara moja, akavaa viatu vyake vya kutokea.

BRASHI: Viatu vya kutokea, kwenye bomba?

DADA: Kasema siku kama hii mtu havai kandambili. Sasa wewe njoo, panda ngazi, mfutie ME mbele ya macho yake. Mimi nitakushikia ngazi.

BRASHI: Hiyo si haki, dada.

DADA: Sijasema ni haki.

BRASHI: Na wewe je? Wakijua ni wewe? Unawapikia chai pale ofisini kila siku, watakufukuza kabla birika halijachemka.

DADA: Watajua nini? Mimi nilisoma, wewe ulisikia. Na nikifukuzwa... Brashi, kazi yangu ni chai. Chai inapikwa kwa maji. Mimi nayatoa bondeni kila asubuhi ili wanywe huku wakijadili maji yatafika lini. Nimechoka. Nasema kweli, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

BRASHI: Najua.

DADA: Tangu nizaliwe natawaliwa na TA. Nimesoma chini ya TA, nimeolewa chini ya TA, nimezaa chini ya TA. Nataka siku moja, kabla sijazeeka, nimpigie kura mtu wa ME. Mmoja tu! Hata akiwa mnene, hata akiwa hajui kuhutubia.

BRASHI: Gombea wewe basi.

DADA: Toka hapa! ...Ala, gari lake lile.

BRASHI: Ameshafika? Mbona mapema! Mimi bado niko hapa na kopo mkononi! Katibu atanimeza!

DADA: Nyamaza. Anashuka. Suti ya kijivu. Anapungia watu mkono. Watu wanampungia ndoo.

BRASHI: Hee!

DADA: Anatabasamu... anaangalia foleni... anaangalia kibao.

BRASHI: Anasoma?

DADA: Anasoma. Bado anasoma. Ni maneno sita tu jamani, anasoma nini muda wote huu? ...Sasa anamwangalia Katibu. Katibu anaangalia viatu vyake.

BRASHI: Mimi nimekwisha. Subiri, dada... (kwa pembeni) Ndugu, namaliza sasa hivi! Mnyoe basi mteja wako! ...Eti anasema hanyoi mpaka ajue mwisho wake. Na mteja naye kakubali, kichwa upande mmoja.

DADA: Mtangazaji wa redio amemsogelea. Anamuuliza, "Mheshimiwa, wananchi wanasema maji yamefika. Unawaambia nini?"

BRASHI: Atasema ni kosa la fundi. Sasa hivi ananitaja.

DADA: Amekohoa. Anasema, "Ndugu wananchi, kama mnavyoona, hili ni jambo la... tuseme mchakato..." Aa! Mama amesimama.

BRASHI: Mkalishe! Dada, mkalishe mama!

DADA: Nani wa kumkalisha mama? Anamwendea... anamwamkia vizuri tu. Anamuuliza, "Mwanangu, maneno haya ni yako?"

BRASHI: Lo!

DADA: Redio iko mdomoni pake. Foleni yote imesogea, hata watoto. Anasema... "Ndiyo, mama. Ni yangu."

BRASHI: Amesema ni yake?

DADA: Atasemaje? Jina lake si liko chini ya hayo maneno? Mama kamwambia, "Basi fungua, baba. Tumesimama." Anamshika mkono kabisa, anampeleka kwenye bomba!

BRASHI: Mungu wangu, litatoa nini sasa bomba lile? Mabomba yenyewe si wamesema bado hayajaungwa huko juu?

DADA: (kimya)

BRASHI: Dada? Si bado hayajaungwa?

DADA: Wamesema hivyo, ndiyo.

BRASHI: Wewe unajua kitu.

DADA: Mimi ni mtu wa chai. Natia, natoka. Nyamaza uone... Ametoa simu. Anampigia mtu. Kipaza sauti alichopewa cha kuhutubia kakibana kwapani, hakukizima! Brashi, kipaza sauti kinasikia! Hebu sikiliza, nanyoosha simu—

BRASHI: (mtandao unakwaruza) Sisikii! Anasemaje?

DADA: Anasema, "Fungua koki ya tangini. Fungua, bwana! Sasa hivi! Najua tulisema tungoje mwezi wa kampeni, lakini fungua!"

BRASHI: Tungoje nini?

DADA: Mwezi wa kampeni.

BRASHI: Kwa hiyo maji yalikuwepo?

DADA: Yalikuwepo. Tangu mvua zilizopita.

BRASHI: Mama anashuka bondeni na yale magoti, na maji yako tangini yanangoja kampeni? Ilikuwa ni koki tu?

DADA: Koki tu, mdogo wangu.

BRASHI: Subiri... (kwa pembeni) Koki tu! Ndiyo! Anasema ilikuwa koki! ...Dada, mteja ametoa tusi hapa ambalo siwezi kulirudia, wewe mkubwa wangu.

DADA: Huku hakuna anayetukana. Wananyamaza tu, wanamwangalia. Afadhali wangetukana, naye anajua hivyo. Anavuja jasho utadhani yeye ndiye bomba.

BRASHI: Na maji?

DADA: Bado. Bomba linakohoa... Linakohoa, Brashi! Limetema! Tope. Jekundu kama kutu. Watu wanarudi nyuma... mama harudi. Viatu vyake! Mama, viatu!

BRASHI: Mwambie avivue!

DADA: Hasikii. Ameinama... Linakuwa jeupe. Maji, Brashi! Maji! Yanaingia kwenye ndoo, unasikia? Sikiliza!

BRASHI: Nasikia.

DADA: Unasikia kweli?

BRASHI: Nasikia, dada. Safari hii nasikia vizuri. Mama anafanya nini?

DADA: Analia. Hapana, anacheka. Vyote viwili. Anaosha uso. Sasa anakisoma tena kibao chako, kwa kidole.

BRASHI: Basi na mimi usinilize, niko kwa watu.

DADA: Lia tu, huko ni kwa kinyozi, utasema ni nywele zimekuingia machoni. ...Ngoja, Katibu anakuja huku. Kanuna. Ngoja hapo hapo. (sauti za watu na ndoo) ...Ndiyo, Katibu. Ndiyo, niko naye kwenye simu. Ndiyo, nitamsomea. ...Haloo, Brashi?

BRASHI: Amesemaje? Nimefukuzwa?

DADA: Mheshimiwa anahojiwa na redio. Anasema yeye siku zote ni mtu wa vitendo. Kibao kisiguswe.

BRASHI: Kisiguswe!

DADA: Na kazi unaendelea nayo. Mtangazaji kamuuliza, "Na zahanati je?" Kajibu kwa kiherehere kwamba kibao chake kinasimama wiki hii. Katibu amenipa karatasi nikusomee maneno.

BRASHI: Akupe wewe? Tena? Kwa simu?

DADA: Ana haraka, anamkimbilia bosi wake. Una kalamu?

BRASHI: Nina brashi. Kinyozi ananionyesha kidole, salio linakwisha, sema upesi!

DADA: Andika. ZAHANATI YETU. Mstari wa pili—

BRASHI: Zahanati yetu. Haya.

DADA: DAWA ZI... (mtandao unakwaruza) ...FIKA. Na chini yake jina lake, kubwa, lisomeke toka barabarani.

BRASHI: Dada! Dawa zi-nini? Katibu ameandika zi-nini?

DADA: Sikiliza vizuri basi. Dawa zi—

BRASHI: Haloo? ...Dada? Haloo? Imekata. ...Shika simu yako, ndugu, ahsante sana. Hapana, hakumaliza. ...Si kitu, nimesikia. Una wembe mpya hapo? Niazime. Ile ME ya juzi niliibana mno.