Tupokigwe, Aliyewasalimia Maharusi kwa Nyuma

Marehemu Tupokigwe Lugano Mwaipaja alizaliwa tarehe 14 Agosti 1976 katika kijiji cha Kyimbila, Rungwe, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Lugano na Mama Tumpe, ambao wote wamemtangulia.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, kisha sekondari mjini Mbeya, akamaliza kidato cha nne mwaka 1994. Walimu walilalamika kwamba hakuweza kutulia kitini.

Mwaka 1995 alianza kazi kwa kaka yake Asukile, mwenye studio Mwanjelwa. Kaka huyo hakufundishwa na mtu. Alijisomea upigaji picha katika kitabu kisicho na jalada. Siku hizo watu walioga, wakavaa vizuri, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, wakabana pumzi. Picha ilisubiriwa wiki nzima na kupokelewa kwa mikono miwili. Siku hizi mtu hupigwa mdomo umejaa wali, na kabla ya jioni picha imefutwa.

Tupokigwe alikuwa na mawazo mengine. Siku moja, akianika picha za harusi, aliuliza, "Kaka, hawa umewapiga au umewazika?"

"Watu wenye heshima husimama," alijibiwa.

Tarehe 18 Oktoba 2003 aliolewa na Mwalimu Joachim Kihwele wa Kalenga, wakahamia Iringa mjini. Picha ya harusi yao aliipiga kaka. Wamesimama wima, hawagusani. Tupokigwe aliitundika sebuleni na kumwambia kila mgeni, "Huyu ni mume wangu, na hizi ni nguzo mbili za umeme."

Huko Iringa ndiko alikogundua jambo lililompa jina. Aliona kwamba Mhehe hawezi kuacha salamu ipite. Basi akawa anawaambia maharusi watembee wameshikana mikono, wasimtazame. Wakifika mbali kidogo, anawaita kwa nyuma kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene!" Wote wawili hugeuka kuitikia, shela inapepea, nyuso zimefunguka. Picha ni hiyo.

Kule Kilolo, shangazi wa bibi harusi mmoja aitwaye Violet alimjia juu mpwa wake. "Usicheke! Watasema umefurahi kuondoka kwenu!"

"Shangazi, hacheki," Tupokigwe akasema. "Anaitikia salamu tu."

Shangazi akaomba naye atembezwe.

Jambo moja lilimshinda. Alitaka picha moja tu ya namna hiyo, yeye na mume wake. Mwalimu alikataa miaka yote. "Wanafunzi wanione nakokotana na mke wangu njiani? Niache, Mama Ezron."

Mwaka 2023 alianza kuumwa mgongo, na vipimo vikaonyesha saratani. Alitibiwa Mbeya, kisha akaomba arudi nyumbani. Mwezi Machi mwaka huu, 2025, kaka yake alikwenda kumwona. Tupokigwe alimkabidhi kamera na kumnong'oneza alichotaka. Asubuhi iliyofuata Mwalimu alimshika mkono kumpeleka juani, hatua kwa hatua. Kaka, ambaye maisha yake yote aliwaambia watu wasimame, akaita, "Kamwene!"

Mwalimu aliujua mtego huo kwa zaidi ya miaka ishirini. Aligeuka hata hivyo. "Kamwene, ba... Aa! Mmenitega!"

Tupokigwe alicheka mpaka akaketishwa. Ndiyo picha iliyo mbele ya ratiba hii ya mazishi.

Alifariki nyumbani kwake Iringa, Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mume wake.

Ameacha mume, Mwalimu Joachim. Watoto wawili, Ezron na Sarah. Kaka yake Asukile. Na maharusi wengi waliogeuka.

Leo yeye ndiye anayetembea mbele, nasi tuko nyuma. Tumwite sote: Kamwene, Tupokigwe! Asipogeuka, tusimlaumu. Huko mbele wazazi wake wamekwisha kumsalimia.

Mungu ampumzishe kwa amani.