Kitanda cha Kampala

Benchi letu liko mbele ya karakana ya Maliro, fundi wa vitanda, pale Butembo, mashariki mwa Kongo, ambapo malori ya Kayna hupakia mizigo. Kila asubuhi tunakuja kunywa kahawa ya Mama Kyakimwa, na kusema ukweli tunakuja zaidi kusikia habari za watu. Mwaka ule wa 2001 za vita tulikuwa tumezichoka, kwa hiyo habari ya Stanislas ilitufurahisha kuliko ilivyofaa. Stanislas ni muuza vitenge. Alikwenda Kampala kununua mali, akakaa siku nne katika hoteli ndogo ya katikati ya mji, karibu na kituo cha mabasi. Vagheni, mfanyabiashara mwenzake, alifikia hoteli hiyo hiyo, na mama anayetandika vyumba akamwambia kwamba yule mtu wa Butembo kitanda chake hakiguswi. Kila asubuhi shuka ziko vilevile alivyozitandika mama huyo. Vagheni alifika nyumbani na habari hiyo kabla hata mali yake haijavuka mpaka, na jioni ile ile ikamfikia Berthe, mke wa Stanislas. Sasa Berthe amefunga mizigo. Kwao ni Kayna, na lori linaondoka saa nne.

Stanislas mwenyewe alikuwa ameketi nasi, kikombe mkononi. Haikutuzuia kumjadili.

Ésaïe, tunayemwita Radio kwa sababu hazimiki, ndiye aliyeanza.

— Mutu analipa chumba, hapana kulala mule. Donc kuko chumba ingine. Na mule kuko mwanamuke.

— Chumba mbili? Maliro akauliza. Mutu wa Butembo?

Hapo Radio alishindwa, maana sote tunawajua wafanyabiashara wetu. Hata hicho kimoja wanakilipa kwa uchungu. Mama Kyakimwa, ambaye ni mtu wa kanisa, akasema pengine Stanislas alikuwa akikesha katika maombi. Tulimtazama Stanislas, tukaliacha hilo. Radio akaja na dhahabu ya machimbo ya Manguredjipa, kwamba aliivusha kwa siri na usiku kucha alikuwa akiilinda. Tulipocheka, akapandisha dau.

— Huyu anaanzisha mouvement yake. Usiku yote alikuwa mu réunion. Vraiment, mutamuona na bérets.

Kwa mwaka ule, vikundi vya waasi vikizuka kila mwezi, hata hilo la mikutano ya usiku ilibidi tulifikirie kidogo.

Tulikuwa bado tunamgawia Stanislas maafisa wakati Berthe alipotokea, furushi kichwani. Wanawake, mbali na Mama Kyakimwa, hawasimami penye benchi letu, kwa hiyo sote tuligeuka kumtazama. Alimnyooshea mumewe ufunguo wa nyumba, lori nyuma yake likinguruma.

— Baba Jemima, kamata. Kamio inaenda.

Stanislas hakuupokea. Aliweka kikombe chini.

— Mama Jemima, nililala chini. Pembeni, kati ya kitanda na ukuta. Na viatu mu miguu.

— Kampala? Kule hapana masasi.

Nilitazama viatu vyangu. Tangu askari walipofyatuliana risasi katika mtaa wetu, kila nyumba hulala chini ya kitanda, baba, mama na watoto, nguo mwilini. Si siri, ila hakuna anayeisema kijiweni. Maliro alikuwa ameacha kunywa. Mwaka mzima wateja wanamwomba aongeze urefu wa miguu ya vitanda, naye anaongeza bila kuuliza.

— Kitanda ya kule iko na miguu mafupi, Stanislas akasema. Sikuweza ingia chini yake.

— Fundi wa kule hapana jua kazi, Maliro akasema polepole.

— Lakini mbona hukulala juu? Berthe akauliza. Bure, siku ine?

— Niliogopa. Nikizoea kulala juu kule, nikirudi nitasahau kushuka. Siku ile bakianza kupiga, nani atavuta weye na batoto chini?

Lori lilipiga honi. Berthe alishusha furushi, akaketi kwenye benchi letu kama mtu aliyeketi hapo miaka yote, akachukua kikombe cha mumewe akanywa kilichobaki. Honi ikalia tena, kisha lori likaondoka. Sikumbuki kama nimepata kufurahi vile kuona gari likimwacha mtu.

Kisha akatutazama mmoja mmoja.

— Na siye, tutarudi kulala juu siku gani?

Radio alimnyooshea Mama Kyakimwa kikombe chake. Mama Kyakimwa alitikisa termosi ya kahawa. Haikuwa na kitu. Maliro akainuka kurudi kazini. Kitanda cha siku ile kilikuwa cha maharusi, na miguu walikuwa wameomba iwe mirefu.