Muzee Paluku Mathieu, Mwenye Kufikisha Salamu Bila Kupunguza Neno

Wenye viti wakae, wenye kusimama wavumilie. Maisha ya muzee wetu Paluku Mathieu hayakuwa mafupi, na yeye mwenyewe alichukia neno la mtu kukatwa katikati. Tutayasoma yote kabla ya kumzika.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1934 huko Kyondo, eneo la Lubero. Baba yake, marehemu Constant, alikuwa mpishi wa mapadri; mama yake, marehemu Anastasie, alilima maharagwe na kusema. Kwa baba alirithi utulivu, kwa mama alirithi maneno, na wote waliomjua mama Anastasie wanashuhudia kwamba urithi huo haukumpunguzia mama kitu.

Aliingia shule ya msingi ya misioni mwaka 1942, akaacha akiwa mwaka wa tano. Sababu ilikuwa mkate. Padri mmoja alimtuma kwa masista akawaambie kwamba mkate wa Jumapili ulikuwa mzuri. Mutoto alipofika mlangoni akitoka, padri akanung'unika, akijisemea mwenyewe, kwamba kwa mkate ule mtu angeweza kujenga mnara wa kanisa. Paluku akayafikisha yote mawili, kwa mpangilio, na pale pa kunung'unika akanung'unika. Mapadri walikaa bila mkate mpaka Pasaka, na baada ya Pasaka Paluku naye alikaa bila shule.

Alijifunza kuendesha lori kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki huko Butembo, akapata kibali chake mwaka 1956. Mwaka 1966 alihamia Bunia na kuajiriwa na patroni Kule, mwenye ajansi ya kusafirisha koli, mizigo ya watu, kutoka Butembo na Beni mpaka hapa mjini, na kutoka hapa mpaka Irumu, Bogoro na Gety.

Watoto wa siku hizi hawajui kwamba miaka ile koli haikusafiri peke yake. Mtu wa Butembo akishafunga kapu lake la viazi kwa kamba, alimshika shofere mkono na kumpa salamu: nani amezaa, nani amekufa, nani amejenga, mbuzi gani amepotea, na kwa nini weye kule Bunia umenyamaza kama aliyekula mbuzi huyo. Salamu ilikuwa nusu ya mzigo. Mashofere wengi walibeba ile nusu iliyofungwa kamba, hiyo nyingine wakaiacha njiani, pale Komanda.

Muzee Paluku hakuacha kitu. Akifika kwenye lupango ya mtu, ndani ya ua wake, alizima moteri, alivua kofia, aliomba kiti. Koli ilibaki ndani ya kamioneti. Kwanza salamu, kwa sauti ya aliyezituma, na kama mtumaji alikohoa katikati, muzee naye alikohoa. Mwenye koli asipokuwepo, koli ilirudi. Jirani hakupewa, hata jirani awe katekista, hasa katekista.

Ndivyo alivyopata mke. Mwaka 1968 alileta viazi kwa familia ya mama Mbambu Madeleine, na salamu za mjomba wao wa Butembo. Mbele ya baba mwenye nyumba alisema: "Mujomba anasema Mbambu aolewe sasa, asingojee tena."

Mbambu akauliza, "Na nani?"

"Hiyo hakusema."

"Basi rudia umuulize."

Safari iliyofuata muzee alirudi amevaa shati jipya, akazima moteri, akavua kofia, akaomba kiti. "Nilimuuliza mujomba. Anasema na mimi." Walifunga ndoa kanisani tarehe 7 Desemba 1968. Mjomba alikula nyama ya harusi, na mpaka kufa kwake aliapa kwamba hakuwahi kusema neno kama hilo. Familia iliamua kumwamini muzee Paluku, kwa sababu nyama ilikuwa imekwisha kuliwa.

Mwaka 1971 patroni Kule alinunua kamioneti ya pili, akamleta Baudouin wa Irumu. Huyu alikuwa shofere wa aina nyingine. Moteri yake haikuzimwa tangu Butembo. Honi ya klakisoni, koli juu ya ua, kwaheri. Alisema koli ni kama mvua: ikianguka kwako ni yako. Mayai yalifika yakiwa yamekwisha kukorogwa. Kuku mmoja wa mtaa wa Mudzipela alitupwa juu ya ua, akaendelea na safari, na mpaka leo hajulikani aliko. Lakini samaki wa Baudouin walifika wakiwa samaki, na wa muzee Paluku, tuseme ukweli mbele ya sanduku lake, walifika wakiwa na salamu zao wenyewe.

Kwenye baraza ya ajansi hawakuachiana.

"Muzee Paluku, weye ni shofere ao ni mujumbe wa kanisa? Nimegawa koli ya Bunia yote, nimekula, nimelala, weye ungali unasalimia bibi ya mutu wa kwanza."

"Na weye, Baudouin, nani alikutuma kupiga watu na viazi?"

"Viazi ilifika."

"Ilifika, ndiyo. Ile mama amefungwa bandaji kwa kichwa."

Mwaka 1972 serikali ilipofuta majina ya ubatizo, ushindani ukapamba moto. Baudouin mwenyewe alinyang'anywa jina, akapewa la babu yake, refu hata yeye alilisahau njiani, akabaki Baudouin. Koli zikaja zimeandikwa majina ambayo jirani hajui na mwenyewe hajazoea. Baudouin alichagua ua mfupi akatupa. Muzee aliuliza tu mjini: "Iko wapi ule mama mwenye alianguka kwa harusi ya dada yake, akasema alikuwa anacheza?" Na akaonyeshwa.

Tunafika mwaka 1978, mwaka mgumu kwa muzee wetu. Wakati wa mvua kubwa kamioneti moja ilikufa katika matope ya njia ya Bogoro. Baudouin alisema ilikufa kwa uzee. Wengine walisema ilikufa kwa Baudouin. Patroni Kule akawaita wote wawili. "Usukani imebaki moja," alisema. "Mama Adèle ndiye muteja wangu mukubwa. Mutakwenda wote Butembo kuleta bitenge zake, nguo za kuuza sokoni. Mwenye atamupendeza, huyo atabaki. Mwingine arudie kwao."

Muzee alikuwa na watoto wanne. Hakuwa na shamba hapa, na mikono yake haikujua kazi nyingine ila usukani.

Butembo, bitenge zilifungwa na mama Élise, dada mkubwa wa mama Adèle. Alipomaliza kukaza kamba alimshika muzee mkono, akampa salamu, na zilikuwa salamu chungu, za matanga ya mama yao aliyefariki mwaka ule. Baudouin alikuwa karibu, alisikia kila neno. Walipofika Komanda alipunguza mwendo.

"Muzee," alisema hapo, "mie nataka hii kazi, hata weye unajua. Lakini si hivi. Ile maneno, meza."

"Na bitenge?"

"Bitenge nini?"

"Nikimeza nusu ya koli, tukate na bitenge nusu, tugawe."

Baudouin akasema muzee ni mgonjwa, akaongeza mwendo.

Nyumbani mama Mbambu aliposikia hakupiga kelele. Aliweka ugali mezani. "Hawa watoto watakula salamu?" aliuliza. Muzee alikula amesimama, akatoka.

Sokoni mama Adèle alikuwa katikati ya wauzaji wenzake, amejaa furaha ya mzigo mpya. Muzee alizima moteri, akavua kofia.

"Mama, tuingie kidogo ndani."

"Ndani iko nini? Dada yangu ananisifu, wasikie. Siye wote hapa ni watu wa nyumba moja. Sema, muzee."

Muzee aliishika kofia yake kifuani. Kisha akasema.

"Dada yako Élise anakusalimia. Anauliza afya. Anasema, kwa matanga ya mama yetu weye ulilia kwa sauti kushinda watu wote, mpaka jirani wakaleta maji. Lakini leso yako ilibaki kavu. Anasema aliishika na mukono yake." Hapo mama Élise alikuwa ametulia na kupangusa pua, basi muzee naye akatulia, akapangusa pua. "Anasema mama alikuita kwa kitanda, weye ulikuwa unapima bitenge. Anasema mvua ya kule ni nyingi. Ni hayo."

Mama Adèle alichukua ule mti wa kupimia bitenge, akampiga nao muzee mgongoni, kisha akaenda moja kwa moja kwa patroni. Kabla jua halijashuka, usukani ulikuwa wa Baudouin.

Kwa miezi iliyofuata muzee alibeba magunia ya watu kwa baiskeli. Mama Mbambu hakumlaumu kwa maneno. Alimlaumu kwa sahani.

Lakini neno likishatupwa linataka jibu. Mama Adèle alimwita Baudouin, akampa salamu za kurudisha Butembo, nzito kama gunia la chumvi. Baudouin akazipokea zote. Alipofika kwa mama Élise, moteri ikiwa inanguruma, alisema: "Mama Adèle anakusalimia sana." Mama Élise akafurahi, akatuma kapu la vitunguu.

"Nimemutukana," mama Adèle alisema, akitazama kapu, "na yeye ananitumia vitunguu? Ananidharau hivi?"

Akatuma matusi makubwa zaidi. Yakarudi maharagwe. Mara ya tatu alitaja mpaka ukoo wa mume wa dada yake, na lilipofika debe la asali, alikwenda kumtafuta Baudouin gereji.

"Weye unamwambiaka nini?"

"Ninamwambia unasalimia. Njia ni ndefu, mama. Mambo mengine inaanguka."

Mama Adèle alikwenda kwa miguu mpaka lupango ya muzee Paluku, akakaa bila kukaribishwa.

"Muzee, nilikupiga."

"Ulinipiga, mama."

"Iko salamu ya kupeleka Butembo."

"Sina gari."

"Gari itakuwa."

Alimwambia patroni Kule kwamba bitenge zake zitahamia ajansi nyingine kama muzee hatarudi. Wenye samaki nao walisema Baudouin akifukuzwa watahama pia. Patroni Kule, ambaye Mungu alimpa mali na hakumpa uamuzi, aliwatia wote wawili katika kamioneti moja: Baudouin kwenye usukani, Paluku kwenye salamu. Hapo ndipo muzee wetu alipopata tena mkate wa watoto wake.

Msimu mzima wa mvua alibeba matusi ya wale dada wawili, kwenda na kurudi, bila kuvunja hata moja. Walisemana mambo ya miaka thelathini. Yalipokwisha, mama Élise alipanda mwenyewe kamioneti, akakaa kati ya mashofere wawili wasiosemezana, akaja Bunia. Sokoni dada hao hawakuambiana neno, kwa maana yote yalikuwa yamekwisha kufika. Walilia, na safari hii leso ya mama Adèle ilikamuliwa mbele ya watu.

Kuanzia hapo Paluku na Baudouin waligombana ndani ya gari moja miaka yote. Kwenye kila lupango Baudouin aliacha moteri ikinguruma. Muzee alichomoa ufunguo, akautia mfukoni, akashuka. Baudouin alipiga klakisoni katikati ya salamu; muzee alirudia salamu tangu mwanzo. Walikula sahani moja Komanda na kila mmoja alidai mwenzake anachukua nyama.

Mwaka 1987 muzee alianza kuugua sukari. Miguu ilivimba, akaacha safari. Baudouin alitoka peke yake, akatupa koli ya kwanza juu ya ua. Ikarudishwa juu ya ua. Watu walikuwa wamezoea kusalimiwa kwanza. Akazima moteri, akaomba kiti, na kila jioni akaja kando ya kitanda cha muzee kutoa hesabu.

"Mama wa Gety alisema nini?"

"Anashukuru. Mubuzi amepona."

"Yote ni hayo?"

"Karibu yote."

"Karibu iko wapi?"

Baudouin alikunywa chai yake kwanza. "Alisema naendesha kama mwizi mwenye amesikia mbwa."

"Sawa. Sasa imefika."

Jumatatu ya juma hili muzee aliomba wote watoke chumbani, isipokuwa Baudouin. Walikaa pamoja mchana mzima. Siye wa nje tulisikia kikohozi, kicheko, na mara nyingi jina la patroni Kule. Jumatano tarehe 9 Agosti 1989, alfajiri, muzee wetu alifariki hapa Bunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama Mbambu.

Ameacha mjane, mama Mbambu Madeleine, watoto wanne, Jean-Pierre, Angélique, Paul na Gertrude, mjukuu mmoja, na Baudouin, ambaye familia ilijadili sana mahali pa kumwandika. Si ndugu, si shemeji, na urafiki aliukataa mwenyewe. Ameandikwa hapa kama mpinzani wa marehemu, peke yake katika mstari wake.

Tangazo moja kabla ya udongo. Baudouin atasimama hapa, kwa sababu marehemu amemwachia salamu za kufikisha, na wengi wenu mmetajwa. Familia ilimwomba azifupishe, amekataa. Padri naye alimwomba, akapewa yake palepale, ndiyo maana amekaa kule pembeni. Patroni Kule, tunakuona. Rudi ukae.

Muzee wetu apumzike kwa amani. Siye wengine tungojee kwanza salamu zetu.