Ma Alistidia na Supu Iliyorudishwa Jikoni

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Alistidia Mushumbusi, mpishi mkuu wa mgahawa wetu, atastaafu baada ya kuutumikia kwa miaka ishirini na minne. Sisi humwita Ma Alistidia, kama tunavyowaita hapa Bukoba akina mama tunaowaheshimu.

Alizaliwa Izigo, wilayani Muleba, katika familia ya wakulima wa migomba na kahawa. Aliajiriwa mwaka 2001 kuosha vyombo. Mgahawa ulikuwa na meza sita tu, na mwenyewe, marehemu Bwana Renzo, ndiye aliyepika. Bwana Renzo alitoka mji wa bandari huko Italia na alizoea samaki wa baharini. Huku alikuta ziwa. Ma Alistidia alimfundisha kumfunua sato mashavu ili kujua kama ni wa leo au wa jana. Naye akamfundisha kukanda unga wa ngano na mayai na kuukata kuwa tambi. Kila mmoja alinong'ona kwetu kwamba mwenzake ni mwanafunzi mzito.

Wageni nao walihitaji somo. Wazee wa Kashozi walikuwa wakiomba kisu ili wazikatekate tambi, wakilalamika kwamba chakula kirefu hivyo hakina mwisho. Ma Alistidia aliwaonyesha namna ya kuzizungusha kwenye uma, taratibu, hadi wakaweza.

Agosti 2004 Bwana Renzo alimpa nafasi ya mpishi mkuu kwa majaribio ya miezi mitatu. Alimweleza wazi kwamba akikosea mbele ya wageni, atarudi kwenye karo la vyombo.

Hapa sina budi kueleza kidogo kuhusu supu yetu ya samaki. Ni supu nzito ya nyanya na vitunguu swaumu, na kanuni yake ni kwamba kila samaki aliyepatikana siku hiyo huingia sufuriani. Kwao Bwana Renzo kanuni hiyo haina ubaya. Kwetu Wahaya, kila ukoo una mwiko wake, omuziro, na zipo koo ambazo mwiko wao ni samaki fulani. Mtu wa ukoo huo hamli samaki huyo, hata awe na njaa namna gani.

Katika mwezi wa pili wa majaribio, familia mbili zilikuja kula pamoja kabla ya kupanga harusi. Ziwa lilikuwa limechafuka na sangara hawakupatikana, hivyo Ma Alistidia alinunua kamongo aliyekwisha kuchunwa na kukatwa, akamtia sufuriani. Hakuuliza wageni ni wa ukoo gani. Bakuli zilipokwisha kufika mezani, mhudumu wetu Avit alirudi jikoni akicheka kwamba msemaji wa upande wa bwana harusi, Mzee Protase Kahangwa, ametaja ukoo wake na mababu saba. Ma Alistidia alipousikia ukoo huo, mwiko akauacha sufuriani. Ulikuwa ukoo usiokula kamongo.

Angeweza kunyamaza. Katika nyanya ile hakuna ambaye angemtambua kamongo. Lakini alitoka na aproni yake, akapiga magoti mbele ya mzee na kumwambia, kwa Kihaya, ni samaki gani aliyemo ndani ya bakuli. Bahati ni kwamba Mzee Protase alikuwa bado anasali. Alikuwa amekwisha kuwaombea walio hai na marehemu, na alikuwa amefika kwa maaskofu.

Bwana Renzo, aliyesimama mlangoni, alikuwa mwekundu kuliko supu. Mzee akampa Avit bakuli airudishe jikoni, akamuuliza Ma Alistidia: "Binti yangu, sasa mimi nitakula nini?" Ma Alistidia akaomba dakika arobaini. Alipika sato kwa nyanya na zeituni, akamweka juu ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa sababu tambi zilikuwa zimekwisha. Shangazi wa bwana harusi alisema kwa sauti kwamba wamekuja kula Kizungu na wamepewa chakula cha nyumbani, kisha akaomba aongezewe.

Wakati wa kuondoka, Bwana Renzo alianza kumwomba radhi Mzee Protase na kumhakikishia kwamba mpishi huyo atabadilishwa. Mzee alimkatiza. Alitaka kujua kama mama yule aliyetoka jikoni atakuwa na nafasi Novemba, kwa kuwa ndiye atakayepika harusi yao. Jumatatu iliyofuata majaribio yalifutwa, na Ma Alistidia akathibitishwa kuwa mpishi mkuu.

Tangu hapo wahudumu wetu humuuliza kila mgeni mwiko wake kabla ya kupeleka agizo jikoni. Mgeni mmoja kutoka Italia alifikiri sana, akajibu kwamba nyumbani kwao hawamli farasi. Ma Alistidia alimhakikishia kwamba yuko salama.

Ma Alistidia, umewafundisha wapishi kumi na mmoja, akiwemo Joviana anayekupokea, na wote wanajua kwamba mpishi akikosea hutoka na kusema. Tunakushukuru kwa hilo kuliko kwa supu zote. Nenda Izigo ukiwa na afya, migomba yako istawi, na upikiwe sasa na wengine. Maisha yako huko yawe mema.