Bi. Beldina Abuto na Lundo Lililodhaniwa Limekufa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1978, Bi. Beldina Abuto anavua koti lake jeupe baada ya miaka kumi na saba na miezi mitano katika kituo chetu cha mboji hapa Kisumu. Aliajiriwa Februari 1961 kuosha vyombo vya maabara na kufagia uwanja. Anaondoka akiwa Msaidizi Mkuu wa Maabara. Mimi kama karani ndiye niliyepiga taipu barua zake zote za kupandishwa cheo, na pengine ndiyo maana nimeombwa kuandika haya.

Alizaliwa Asembo Bay, katika nyumba ya wauza samaki, na harufu haikuwahi kumtisha. Siku yake ya kwanza mkokoteni ulileta takataka za jikoni kutoka nyumba za Kaloleni na Dunga: maganda ya ndizi, ukoko wa ugali, magamba ya samaki aina ya ngege. Wengine wetu tuliziba pua. Yeye alichukua uma na kuanza kuchanganya.

Alikuwa na sheria zake. Mabaki ya samaki hufukiwa katikati ya lundo, la sivyo paka wote wa Dunga watahamia kazini kwetu. Na asiyenawa mikono asiguse birika la chai, hata awe mkurugenzi. Mkurugenzi mmoja aligusa. Alinawishwa.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa wiki moja ya Machi 1967. Bwana Joram Wepukhulu, mtaalamu wetu wa vijidudu, alikuwa ametoka chuoni mwaka uliotangulia. Kila wiki alichukua mboji kidogo, akaipaka kwenye sahani za kioo zenye rojo la kuoteshea vijidudu, akazifungia katika kabati la joto. Sahani za wiki ya kwanza zilijaa madoa ya kila rangi. Za wiki ya pili zilitoka karibu safi. Akarudia, zikatoka safi tena. Akaniletea barua niipige taipu: lundo limekufa, kazi isimamishwe. Kamati ya baraza la mji ilikuwa ikutane Alhamisi hiyo, na baadhi ya wajumbe walikuwa wakitafuta sababu tu ya kufunga uwanja wetu. Uwanja ukifungwa, watu kumi na mmoja wangerudi nyumbani bila kazi, Bi. Beldina akiwa wa kwanza.

Jumatatu asubuhi aliingia maabara na buti zake za mpira, akasimama mbele ya meza.

“Bwana Wepukhulu, mimi nimeosha maiti. Maiti ni baridi. Hii lundo yako imenichoma mguu ndani ya buti.”

“Mama, sahani hazidanganyi.”

“Sahani haina makosa. Ni wewe umewaweka mahali baya. Kabati yako iko na joto ya mtu, sivyo? Hao wadudu wa ndani ya lundo wanaishi kwa joto ya chai. Watakuaje?”

Bwana Wepukhulu alicheka. “Basi Mama, kuanzia leo wewe ndiye daktari, mimi nitafagia.”

“Fagio iko nyuma ya mlango,” akamjibu.

Hakufagia, lakini aliacha kucheka. Walienda pamoja kwenye lundo, wakaingiza pimajoto: digrii hamsini na nane. Kabati lilikuwa digrii thelathini na saba. Walichukua mboji mpya, wakapaka sahani nyingine. Kabati halikuweza kufika joto lile, kwa hiyo Bi. Beldina alitafuta mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, akautandika kitambaa kibichi ili rojo lisikauke, akapanga sahani ndani, akauegemeza kwenye tangi la maji moto. Siku mbili yeye na mlinzi wetu, Mzee Dishon, walipokezana kuchochea kuni, moto usizidi wala usipungue. Barua niliiacha kwenye taipu bila sahihi.

Jumatano adhuhuri walifungua mkebe. Sahani zilikuwa zimetapakaa madoa meupe, makavu kama unga wa chokaa. Bwana Wepukhulu alikaa chini kwenye kiti cha mtu mwingine. Kisha akaja kwangu, akaichomoa ile barua mwenyewe, akaichana, akanisomea nyingine. Alhamisi kamati ilionyeshwa sahani za aina zote mbili, na uwanja ukabaki wazi.

Tangu hapo kila mwanafunzi anayetutembelea husikia maelezo ya Bi. Beldina. Kwanza huja wanaopenda vyakula laini, na kwa kula kwao lundo hupata joto. Joto likizidi, hao hupungua na kuwapisha wanaolipenda. Hao nao wakimaliza kazi, lundo hupoa, na huja kuvu na wengine wa polepole, wanaotafuna mabua magumu. Mwisho ni minyoo, na harufu ya udongo ulionyeshewa na mvua. “Hakuna aliyefukuzwa,” huwaambia. “Kila mmoja amefanya yake, akaachia mwenzake.” Bwana Wepukhulu aliandika jina la Bi. Beldina katika ripoti ya mwaka ule, ukurasa wa tatu, na mwaka 1969 Mama akapata koti jeupe.

Niongeze dogo moja. Mke wangu Lornah, aliyekuwa akitukusanyia maganda Kaloleni, alipofariki Aprili 1974, wengi walikuja na maneno mazuri. Bi. Beldina alikuja na karai la mboji. Lornah alikuwa amelima nusu ya kitalu chake cha vitunguu. Bi. Beldina alilima nusu iliyobaki, akapanda, akanawa, akaenda zake. Vitunguu vile vilikuwa vikubwa.

Leo asubuhi lundo letu jipya lina siku tisa. Vijana walitaka kulipima wenyewe, Bi. Beldina akawaambia wangoje Jumatatu. Alipima, akaandika katika daftari: digrii sitini na moja, wako hai. Chini yake akaweka sahihi yake kamili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Asante, Mama Beldina, kwa kazi na kwa kutusahihisha bila kutudharau. Sote wa kituo tunakuombea afya njema, usingizi mtamu na miaka mingi ya furaha kule Asembo. Jumatatu tutapima.